Degedege: Hesabu Tuliyoikosea

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanakisomo na wazazi siku ya kufunga darasa)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya afya. Tulikaa, sisi walimu wa kisomo pamoja na kamati yetu, tukashauriana. Tungeweza kuzungumza juu ya choo, au juu ya kuchemsha maji. Hayo ni mambo mazuri, na wazee waliopo hapa wanayajua tangu ile kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa kwa vikundi kuizunguka redio. Lakini leo tumechagua neno moja tu. Neno lenyewe ni degedege.

Tumelichagua kwa sababu tuna deni juu ya neno hili. Kwanza tutalieleza deni.

Ilikuwa masika, miaka kadhaa iliyopita. Tulikuwa darasani jioni, kandili imetundikwa. Akaja kijana mbio kumwita mama mmoja, mwanakisomo mwenzetu. Mtoto wake amekamatwa na degedege. Tukafunga madaftari, tukaenda sote. Tulimkuta mtoto wa miaka mitatu. Mwili unawaka moto, amekakamaa, macho yamepinduka, mikono inapigapiga. Bibi yake amempakata.

Mmoja wetu akasema, "Tumpeleke zahanati."

Bibi akajibu, "Huyu si wa zahanati, wanangu. Mwenye degedege hachomwi sindano. Ukimchoma, anakwenda. Kaka yake alishikwa hivi hivi, tukamfukiza, akapona. Si huyo hapo amesimama?"

Kweli, kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, mzima. Sisi tuliokuwa tumesoma vitabu tukanyamaza. Mbaya zaidi, mwingine wetu akasema, "Kama kaka yake alipona, basi." Mtoto akafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo kilichokuwa kimewekwa akiba. Baada ya muda mikono ikatulia. Tukarudi makwetu tumefurahi. Kumbe mtoto hakuwa amelala. Alikuwa amezimia.

Alfajiri akapakiwa kwenye baiskeli. Alifika zahanati saa mbili asubuhi, akachomwa sindano. Kabla ya adhuhuri akafariki.

Matangani watu walisema, "Si tulisema? Ni ile sindano." Na sisi tulikuwapo, tukaitikia kwa kichwa. Mwezi uliofuata mtoto wa nyumba nyingine alishikwa. Mama yake alikuwa amesikia habari za sindano, akangoja siku nzima. Mtoto huyo aliishi, lakini mpaka leo anauburuta mguu mmoja na maneno hayatoki vizuri. Hilo ndilo deni letu. Hatukumroga mtu. Tulihesabu vibaya tu, halafu tukaitikia kwa kichwa.

Basi tulikosea wapi? Tuanze na neno lenyewe.

Ndani ya neno degedege mna neno dege, yaani ndege mkubwa. Wazee wengi wa pwani hueleza kwamba kuna kitu kinachopita usiku kwa umbo la ndege, na mtoto kikimpitia hushtuka na kuanza kupiga mikono kama mbawa. Sasa tazameni kazi ya jina hili. Halisemi tu mtoto yukoje. Limekwisha kutuambia nani amemdhuru. Na likishatuambia hivyo, limetuambia pia twende wapi, maana zahanati hawatibu ndege.

Mama akisema, "Mtoto ana homa," atakwenda zahanati au dukani kutafuta dawa. Mama huyo huyo akisema, "Mtoto ana degedege," atakwenda kwa mganga wa kienyeji. Mtoto ni yule yule, na joto ni lile lile. Kilichobadilika ni neno tu, na njia imebadilika.

Hatusemi wazee walikuwa wajinga. Waliotoa jina hili walikuwa na macho mazuri sana. Mikono ya mtoto hupiga kweli kama mbawa. Waliona sawasawa. Lakini kuona jambo ni kazi moja, na kujua sababu yake ni kazi nyingine. Hiyo ya pili haikupimwa.

Wala si sisi peke yetu. Neno malaria, ambalo daktari hulitamka kwa heshima zote, nalo lina kosa ndani yake. Limetoka Italia, na maana yake ni "hewa mbaya". Watu wa huko waliona kwamba wanaolala karibu na mabwawa huugua homa. Wakanusa harufu ya mabwawa, wakasema ni hiyo hewa. Wakafunga madirisha usiku. Na hapo wengine walipata nafuu kidogo, kwa kuwa dirisha likifungwa na mbu haingii! Basi wakazidi kuamini kuwa ni hewa. Mnaona jinsi kosa linavyoweza kupata mashahidi?

Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, aliyekuwa Aljeria, aliona vimelea ndani ya damu ya mgonjwa wa malaria kwa kutumia hadubini. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, akaviona vimelea hivyo ndani ya mbu. Bado watu wengi walibisha. Wakasema hewa ile tunaijua tangu babu zetu.

Ndipo mwaka 1900 likafanywa jaribio ambalo sisi tunalipenda sana, maana halihitaji elimu kubwa kulielewa. Madaktari wawili, Louis Sambon na George Low, walijenga nyumba ya mbao kwenye mabwawa ya Ostia, karibu na mji wa Roma, mahali penye malaria kali. Madirisha na milango waliweka wavu wa waya. Mchana walitoka wakatembea, wakanyeshewa, wakanywa maji ya hapo hapo. Jua likikaribia kuzama waliingia ndani. Usiku waliacha madirisha wazi, hewa ya mabwawa ikaingia na kutoka itakavyo. Mbu tu ndio waliozuiwa na wavu. Walikaa hapo tangu Julai hadi Oktoba, bila kunywa kwinini, na hawakuugua malaria.

Mwaka huo huo mbu waliokunywa damu ya wagonjwa wa malaria walisafirishwa kutoka Roma hadi London. Huko wakaachwa wamuume kijana mmoja aliyejitolea, mtoto wa daktari Patrick Manson. Kijana yule aliishi katika hewa ya London, mbali na mabwawa. Akaugua malaria, na vimelea vikaonekana katika damu yake.

Kwa hiyo wa Ostia walipata hewa bila mbu, wakabaki wazima. Wa London alipata mbu bila hewa ile, akaugua. Leo tunajua ni mbu jike wa aina ya anofelesi, anayeuma usiku. Neno malaria limebaki, hakuna aliyelifuta kwenye kamusi. Lakini daktari akilitamka siku hizi hafikirii tena hewa. Nasi tunaweza kusema degedege bila kufikiria ndege.

Haya, turudi kwa mtoto. Ni nini kinachotokea?

Ubongo ndio unaoamrisha mikono na miguu. Amri hutoka kwa utaratibu, kama wapiga ngoma wanaosikilizana. Ubongo wa mtoto mdogo, hasa wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5, bado haujakomaa. Homa kali inaweza kuuchafua utaratibu huo. Ngoma zote zinapigwa kwa pamoja, ovyo. Mwili unakakamaa na kutetemeka, macho yanapinduka. Kwa watoto wengi wa namna hii mtetemeko hukoma wenyewe kabla ya dakika tano kupita, na ubongo haudhuriki.

Lakini kuna namna nyingine, inayofanana nayo kwa macho. Hiyo ni ile malaria ambayo watu husema imepanda kichwani. Vimelea huingia katika chembe nyekundu za damu. Chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa myembamba ya ubongo, na damu haipiti vizuri. Mtoto hutetemeka, kisha huzimia. Malaria hiyo isipotibiwa, karibu kila mara huua. Tena uti wa mgongo, yaani ule ugonjwa wa utando wa ubongo, nao huweza kuanza hivyo hivyo. Ukimtazama mtoto kitandani, kwa mwanga wa kibatari, huwezi kujua ni ipi. Hata sisi hatuwezi. Hata daktari hawezi bila kumpima.

Hapa ndipo hesabu yetu ilipokosewa. Mtoto anashikwa. Mmoja anakimbia kuita mganga, mwingine anatafuta makaa, mwingine anatafuta kinyesi cha tembo, na siku hizi tembo wenyewe wako wapi? Mpaka moshi uanze kufuka, dakika zile tano zimekwisha pita. Mtoto wa namna ya kwanza ameshaanza kutulia mwenyewe. Moshi umefika harusini watu wameshakula, lakini ndio unaopewa shukrani. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Mchinjeni jogoo leo, kesho kutakucha vile vile.

Kaka yake yule mtoto alikuwa wa namna ya kwanza. Angepona kwa moshi, angepona kwa maji ya baraka, angepona kwa kutazamwa tu. Sisi tulimwona amesimama mlangoni tukasema ni ushahidi. Hatukuuliza swali moja dogo: wangapi walifukizwa wakafa? Hao hawasimami mlangoni. Wamelala kule kwenye migomba, nasi hatukuwahesabu.

Na ile sindano? Fikirini ni watoto gani wanaofikishwa kwenye sindano. Aliyetulia haraka habebwi kwenda popote. Anayebebwa alfajiri kwa baiskeli ni yule ambaye moshi umeshindwa, aliyezimia usiku kucha. Huyo amefika zahanati na mguu mmoja kaburini. Sindano ikawa jambo la mwisho kutendwa, basi ikawa ndiyo mshitakiwa. Ni kama kumkuta mtu akizima moto, ukasema ndiye aliyechoma nyumba, kwa kuwa ndiye uliyemkuta.

Tunajuaje kwamba sindano haiui? Swali zuri, msituamini tu kwa sababu tumesimama mbele. Watu walihesabu. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika nchi 9 za Afrika, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Watoto 5,425 wenye malaria kali waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa kwinini, dawa ya zamani. Nusu walipewa dawa mpya zaidi, artesuneti. Waliopewa kwinini walikufa 297, yaani kama 11 katika kila 100. Waliopewa artesuneti walikufa 230, yaani kati ya 8 na 9 katika kila 100.

Someni hesabu hiyo polepole. Haisemi kwamba dawa inaponya wote. Wapo waliokufa, tena wengi, na wazazi wao walilia kama tulivyolia. Anayekuambia dawa yake haijawahi kushindwa, mwulize daftari lake liko wapi. Lakini ugonjwa ambao karibu kila mara huua usipotibiwa, sasa zaidi ya watoto 90 katika kila 100 wanarudi nyumbani. Kwa hiyo mtoto akifa baada ya sindano, kifo hicho peke yake hakionyeshi kwamba sindano ndiyo iliyomwua.

Tunajua mzee mmoja atasema, "Mnatukana dawa za miti shamba." La. Artesuneti yenyewe asili yake ni mti shamba! Ni mmea wa Uchina. Mwanamke mmoja mtafiti, Tu Youyou, na wenzake walisoma vitabu vya zamani vya waganga wa kwao na kujaribu mimea mingi. Mingi ilishindwa, nao wakaandika kwamba imeshindwa. Mmea huu nao mwanzoni ulisumbua. Kisha akasoma katika kitabu cha miaka zaidi ya 1,600 kwamba uloanishwe katika maji na kukamuliwa. Akafikiri, pengine kuuchemsha ndiko kunakoua nguvu yake. Akatumia njia isiyohitaji moto mkali. Mwaka 1971 dawa ile, iliyokuwa jaribio la 191, ikawaponya panya wenye malaria. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa kwanza wenyewe, waone kama ina madhara. Halafu ndipo wakapewa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo shida si mti shamba. Shida ni mti shamba usiopimwa. Sisi tunao mwarobaini, na jina lake linasema unatibu magonjwa arobaini. Hatusemi hauna kitu. Tunauliza tu, nani aliyahesabu hayo arobaini? Mbona hayakuwa 38? Hapo tena jina limetutangulia.

Na hukumu hii tuipeleke upande wa pili pia, maana haki haina upande. Kwa miaka mingi, hata zahanati zetu zilikuwa na ugonjwa wa neno. Kila aliyekwenda na homa aliandikiwa malaria, akapewa vidonge, akaenda zake. Siku hizi kuna kipimo cha haraka. Tone moja la damu ya kidole, unangoja kama dakika 15, na jibu unaliona. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza, kisha atibiwe. Na homa nyingi zikipimwa huonekana si malaria. Basi, ndugu, ukiambiwa zahanati, "Hii ni malaria," una haki ya kuuliza kwa adabu, "Umempima, daktari? Jibu limesemaje?" Na kama jibu ni kwamba hana malaria, usikasirike na kudai dawa ya malaria. Uliza ni nini basi. Mtoto anayetetemeka naye asiachwe arudi nyumbani kwa sababu tu kipimo kimesema si malaria.

Sasa ya kufanya siku hiyo ikifika, maana huja usiku, na watu hupiga kelele. Mlaze mtoto ubavu, mate yatoke. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimmiminie maji, uji wala dawa mdomoni wakati anatetemeka, vitakwenda mapafuni. Mpunguzie nguo. Usimtie katika moshi, anahitaji hewa ya kupumua. Tazama saa, kumbuka dakika. Kisha twende zahanati, na twende hata kama ametulia. Hilo la mwisho ndilo lililotushinda usiku ule. Alitulia, tukaenda kulala.

Kama kuna bibi au mganga anayetaka kusoma dua, asome njiani. Sisi hatuna ugomvi na dua. Tuna ugomvi na kuchelewa.

Jambo moja limebaki. Kamati imenunua daftari kubwa. Kila mtoto wa kijiji chetu atakayeshikwa na degedege ataandikwa humo: tarehe, saa aliyoanza kushikwa, alifanyiwa nini kwanza, alifika zahanati saa ngapi, kipimo kilisema nini, na alikuwaje baada ya siku saba. Aliyefukizwa tutaandika amefukizwa. Hatutamkemea mtu, maana tukikemea tutadanganywa, na daftari litaharibika.

Kabla ya kuja hapa tulikwenda kwa bibi wa yule mtoto. Tuliona si vizuri kumzungumza hadharani bila ruhusa yake. Tukamweleza yote, na habari za daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wale watakaofia mikononi mwa zahanati, nao mtawaandika?"

Tukamjibu, "Ndiyo, Bibi. Wote."

Akasema, "Basi anzeni na wangu. Nami niliyemfukiza, niandikeni."

Tukaufungua ukurasa wa kwanza hapo hapo barazani kwake. Tulipofika kwenye saa ya kufika zahanati, alitutajia mwenyewe. Hajui kusoma, lakini alikuwa anaikumbuka: saa mbili asubuhi.